Boriti kwa Boriti

Saa nne za usiku nimevua viatu mlangoni,
si kwa heshima, kwa vumbi.
Seva mbili za Ushirika zimekaa chumba cha ndani kabisa,
ambamo wenye nyumba, wanasema, walizalia
na kuoshea maiti,
chini ya zidaka ambazo siku hizi
zinashika modemu, birika,
na mjusi mmoja asiyelipa kodi.

Mkurugenzi amekataa kuhama.
"Barua zetu zilale kwetu," kasema,
"sitaki siri za wanachama zikapangishe ng'ambo."
Na pesa ya mashine mpya haipo.
Basi toleo jipya lipande juu ya la zamani,
papo hapo, nyumba ikiwa na watu.

Kazi hii naijua tangu kabla ya kompyuta.
Baba alikuwa fundi wa dari.
Alibadilisha boriti za majumba ya Mkomani
wenyewe wako juu wanakunywa kahawa.
Kwanza tia gadi, alisema. Kisha toa moja. Moja tu.
Sikiza. Dari itakwambia.
Siku moja alisikiza vibaya;
mguu wa kushoto ukamkumbusha mpaka tulipomzika.

Kwa hiyo nakala rudufu, mara mbili:
diski moja mezani, ya pili kwa Shekuwe, bawabu,
aliyeipakata kama mwana
na kuniuliza kama yataka kufunikwa.

Saa tano na robo nafunga foleni.
Barua zinazoingia zingoje barazani.
Natoa seva ya kwanza kazini; ya pili inabeba peke yake,
feni inakoroma kama punda mwenye mchanga
anayepandishwa ngazi.
Asilimia kumi. Thelathini. Sitini na mbili.
Sitini na mbili.
Nimekula mahamri mawili.
Sitini na mbili.
Chumvi imeuma kila skrubu ya chumba hiki,
nami nikaanza kuisikiza dari.

Haikuwa chumvi.
Ilikuwa sanduku la marehemu Famau Twalib,
karani wa mikopo, aliyetutoka mwaka juzi, mwezi wa Rajabu.
Tulimsomea hitima, tukagawana viti vyake,
hakuna aliyekumbuka kulifunga.
Barua elfu mbili mia tatu na kumi na nne, hazijasomwa.
Sikuzifungua; fundi hasomi ya watu.
Lakini vichwa vya barua havina pazia:
mikutano, ankara, mkutano umeahirishwa,
na kila tarehe mosi, kutoka kwa mtu mmoja wa Faza:
*Bwana Famau, mwezi huu pia sina. Nivumilie.*
*Bwana Famau, nashukuru kwa subira yako.*
*Bwana Famau, mwezi huu pia.*

Maelekezo yasema: lililoharibika, ruka.
Kitufe kipo. Kidole ninacho.
Ningeruka, ingekuwa asilimia mia kabla ya saa nane.
Shekuwe akachungulia: "Mbona umenyamaza?"
Nikamwambia kuna boriti imeoza
na juu yake kuna mtu amekaa.
Akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Labda alielewa.

Nikalitia gadi.
Nikalikarabati barua kwa barua, saa mbili na nusu,
mpaka likavuka.
Sitini na tatu.

Saa kumi na moja seva zote mbili zimekaa sawa,
nafungua foleni, arobaini na moja zinaingia pamoja.
Ya kwanza kabisa, kwa wafanyakazi wote:
*Nani ana ufunguo wa choo cha juu?*

Saa mbili mkurugenzi akawasha yake, akasoma, akajibu,
akanitazama na macho yangu mekundu.
"Kumbe hata hujaanza."
Baba alikuwa akilipwa kwa neno hilo hilo.
Nikasema, bado kidogo,
nikafunga mkoba, nikaangalia kalenda ukutani.
Kesho tarehe mosi.